Daftari la Vibarua

Maharage ya Kigoma yana jina sokoni. Kariakoo au Tandika utamsikia muuzaji akiyasifu kwa mkoa yalikotoka, na mnunuzi akikubali bei kwa sifa hiyo. Aliyeyalima hatajwi. Sisi tuliokulia Kasulu tunamjua: mara nyingi ni kijana aliyevuka mpaka usiku kutoka Burundi, akalala kwenye kibanda cha nyasi katikati ya shamba, akapanda, akapalilia, akavuna, kisha akarudi kwao. Hayumo katika rejesta ya kijiji wala katika hesabu za ajira za taifa, na kodi hakatwi kwa kuwa mshahara wake hautambuliki. Maandishi pekee yanayomtaja ni daftari la mkulima aliyemwajiri.

Nililishika daftari la namna hiyo kwa misimu kadhaa nilipokuwa sekondari. Lilikuwa la baba mkubwa, mkulima wa mahindi, maharage na muhogo, mtu aliyesoma kidogo na kuhesabu sana. Likizo ilipofika aliniita, akanikabidhi kalamu, akasema: "Mwanangu, andika ninachokwambia. Usiongeze, usipunguze." Baadaye nilisoma uchumi chuoni kwa walimu waliobobea, lakini kuhusu kazi ya watu wanaovuka mipaka, ninachokijua kwa hakika nilikipata kwenye kurasa zile zenye madoa ya udongo.

Kila kibarua alikuwa na ukurasa wake. Juu niliandika jina lake la kwanza na mahali alikotoka, kwa kuwa majina yalifanana: wa Rutana, wa Makamba, wa Ruyigi, wa Cankuzo. Upande wa kushoto ulikuwa wa kazi, wa kulia ulikuwa wa madeni. Kazi ilipimwa kwa ekari, na ekari ilipimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70, na aliyepiga hatua alikuwa baba mkubwa mwenyewe, ambaye alikuwa mrefu. Kulima kulikuwa na bei yake, palizi ya kwanza bei yake, ya pili ikashuka kidogo. Kuvuna na kupura kulilipwa kwa gunia. Upande wa kulia ndio uliojaa haraka: unga wa muhogo, dagaa, chumvi, sabuni, kandambili, dawa ya malaria, fedha kidogo za kumpelekea mama anayeumwa. Yote yalisubiri mwisho wa msimu yatolewe kwenye ujira.

Ukitazama upande wa kulia peke yake utasema kibarua ndiye mdaiwa. Tazama tarehe. Kulima kulifanyika Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijakolea. Palizi ilikuwa Novemba na Desemba. Maharage ya kwanza huvunwa Januari, mahindi hufuata baadaye sana, na fedha huingia mlanguzi anapofika na lori. Katika miezi hiyo yote baba mkubwa hakuwa na kitu mfukoni. Benki haikumjua, kwa maana shamba lake halikuwa na hati ya kuweka dhamana. Mbegu alikuwa nazo stoo na ardhi alirithi. Kilichobaki, yaani nguvu za kugeuza pori kuwa mavuno, alikopeshwa na yule kijana wa Rutana. Kijana alitoa kazi miezi minne au mitano akipewa chakula na vitu vya lazima, bila riba, bila mkataba, bila shahidi, akiamini kwamba maharage yakiuzwa atakumbukwa.

Mijadala yetu kuhusu wahamiaji wa kazi hailigusi jambo hili. Tunamzungumzia mgeni kama mtu anayekuja kuchukua: amechukua kazi, amechukua ardhi, amechukua fedha na kuondoka nazo. Kumbe kwa sehemu kubwa ya mwaka yeye ndiye mkopeshaji, na sisi wakulima wa mpakani ndio wakopaji. Anachotofautiana na benki ni kwamba benki ikidhulumiwa huenda mahakamani.

Kwa nini akubali kukopesha kwa masharti hayo? Burundi ina eneo la kilometa za mraba 27,800 hivi na watu zaidi ya milioni 12. Mkoa wa Kigoma peke yake, ukiacha maji ya Ziwa Tanganyika, una kilometa za mraba zipatazo 37,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu wasiofika milioni 2.5. Upande mmoja vilima vimegawanywa hadi baba anamrithisha mwanawe migomba ya kuhesabika. Upande wa pili kuna pori ambalo halijawahi kuona jembe. Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani, na koo nyingi zina ndugu huku na huku. Mpaka wenyewe, kuanzia Manyovu hadi Mabamba na kuendelea, una njia za miguu nyingi kuliko vituo vya ukaguzi. Palipo na ardhi isiyo na mikono jirani na mikono isiyo na ardhi, watu watavuka. Serikali zinaweza kuamua wavuke kwa masharti gani. Kuamua kwamba wasivuke hazijawahi kufanikiwa.

Kuna pia waliokuja kwa sababu nyingine. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Kigoma ilipokea watu kwa maelfu, na kambi kama ya Mtabila zikawa kubwa kuliko miji yetu. Baadhi ya vibarua wa baba mkubwa walitoka kambini bila ruhusa kutafuta nyongeza ya posho. Mbele ya daftari hawakutofautiana na wa msimu: ekari ilikuwa ileile na bei ileile. Walitofautiana kwa hofu tu, maana mkimbizi aliyekamatwa nje ya kambi alikuwa na cha kupoteza zaidi.

Yule wa Rutana alikuwa wa msimu. Alinieleza hesabu yake tukipura maharage, akiongea Kiswahili cha kujifunzia kazini kilichochanganyika na Kirundi. Baba yao alikuwa amegawa kilima kwa wana wanne. Fungu lake lilimlisha yeye, mke na watoto kwa nusu ya mwaka. Nusu ya pili ilitegemea Kasulu. Mke alibaki akilima lao, yeye akaja kulima letu. Alichokuwa akikusanya hakikuwa cha kula. Alitaka kununua kipande cha jirani aliyekuwa akiuza kwa shida. "Nikilima la wenyewe huku," alisema, "la kwangu linaongezeka kule."

Hesabu ile ni ya kweli na ina pande mbili. Fedha za Kasulu zilimwongezea ardhi mtu mmoja, na zikampunguzia mwingine ambaye hakuwa na mtu wa kumtuma Tanzania. Kilima kinachopeleka vijana kibaruani hupata mabati, mbuzi na ada za shule; hupata pia bei ya shamba inayopanda kila mwaka, na wanawake wanaolima peke yao katika miezi ambayo shamba linahitaji watu wawili. Wanaosema fedha za wahamaji huondoa umaskini, na wanaosema huongeza pengo, wamesimama pande mbili za kilima kilekile.

Wengi hawakurudi na fedha mkononi. Walinunua Kasulu mjini vitenge, sufuria, chumvi, wakati mwingine baiskeli ya kubebea hivyo vyote, wakaviuza au kuvitumia kwao. Njiani kulikuwa na watu wa kunyang'anya fedha, wengine wamevaa sare na wengine hawakuvaa, na kitenge hakinyang'anywi kirahisi kama noti. Halafu lilikuwepo suala la faranga, ambalo siku hizi limekuwa zito zaidi. Mei 2023 Burundi ilishusha thamani ya fedha yake: dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa faranga 2,000 na ushei ikapanda hadi 2,800 na ushei. Faranga inapoporomoka, ujira uleule wa shilingi hununua zaidi upande wa pili, na idadi ya wanaovuka huongezeka hata kama mkulima wa Kasulu hajaongeza hata senti. Maamuzi ya Benki Kuu ya Bujumbura hufika mashambani kwetu kabla hayajafika magazetini.

Kabla hatujawaona Warundi kuwa wageni wa kazi, wageni wa kazi tulikuwa sisi. Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Utawala wa Waingereza ulidai kodi kwa fedha taslimu katika sehemu ambayo haikuwa na zao la maana la kuuza, na mwenye kukosa kodi alijua kinachomsubiri. Tanga na Morogoro kulikuwa na mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na ambalo baadaye liliifanya Tanganyika iongoze duniani. Mkonge ulihitaji watu zaidi ya laki moja, na wenyeji wa pwani walikuwa na njia nyingine za kupata shilingi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na Buha, nchi yetu Waha, ikawa moja ya sehemu zilizotoa watu wengi. Walishuka kwa reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakagawanywa kwenye kambi za Korogwe, Muheza, Kilosa. Ndani ya kambi hizo walikuwemo Warundi na Wanyarwanda waliovuka kutoka himaya ya Wabelgiji, huku ndugu zao wengine wakielekea Buganda kwenye pamba na kahawa.

Babu hakuvuka mpaka wa nchi, lakini Korogwe ilikuwa mbali naye mara nyingi kuliko Gitega ya Burundi. Alikata mkonge kwa mfumo wa kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, ambazo sharti uzimalize katika siku 42. Usipotimiza idadi ya mafungu, mnyapara hakukupigia alama, na siku ile ikawa umeifanya bure. Kutoroka kabla ya mkataba kuisha lilikuwa kosa la jinai. Sehemu ya mshahara ilizuiwa hadi arudi nyumbani, na hapo kodi ilimsubiri. Hata hivyo alirudi na baiskeli, mablanketi na cherehani ya mkono, na cherehani ile ilisomesha watoto wake wawili. Bibi alikuwa amelima peke yake muda wote huo, zaidi muhogo, kwa kuwa muhogo hausumbui mtu aliye peke yake.

Nyumba ya babu ilipata faida, lakini Buha kwa ujumla haikupata. Nguvu za vijana wake zilipanda mkonge, zikajenga viwanda vya korona vya kuchakata mkonge na kujaza bandari ya Tanga, na fedha zilizorudi zilikuwa za kulipa kodi na kununua blanketi. Katikati ya miaka ya 1960 uandikishaji ulikwisha, mkonge nao ukaanza kushuka, na mkoa uliokuwa ukitoa watu ukabaki bila barabara, bila kiwanda, ukiwa na sifa ya kuwa nyuma. Lami ilipofika Kasulu wajukuu wa manamba tulikuwa watu wazima wenye watoto. Uchumi wa kuuza nguvu nje unaweza kuinua kaya bila kuinua mahali, na Burundi ya leo inapitia njia tuliyopita.

Babu alikuwa na kitu ambacho yule wa Rutana hakuwa nacho, nacho ni karatasi. Sina haja ya kuipamba. Karatasi ile ilimfunga kama ilivyomlinda. Kwa majirani zetu wa kusini tunajua jinsi makubaliano rasmi yanavyoweza kumnufaisha kila mtu isipokuwa mfanyakazi: Ureno ilifunga mkataba na Afrika Kusini mwaka 1928, ambamo sehemu ya mishahara ya wachimbaji kutoka Msumbiji ilizuiwa hadi warudi, baadaye serikali ya kikoloni ikapokea malipo hayo kwa dhahabu kwa bei rasmi, ikaiuza kwa bei ya soko na kubaki na faida, huku mchimbaji akipewa fedha ya kikoloni. Kwa hiyo sidai kwamba mkataba ni tiba. Ninachosema ni kwamba babu, alipomaliza siku zake 30, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakuwahi kufika Korogwe.

Mrundi aliambiwa hivyo, na nilisikia akiambiwa. Jirani mmoja wa baba mkubwa alikuwa na vibarua wengi msimu mmoja wa mavuno mazuri. Magunia yalipokwisha kushonwa na lori kuagizwa, alitoa taarifa kwamba shambani kwake kuna wahamiaji haramu. Walikuja kukamatwa alfajiri. Wawili walikimbilia kwetu, na mmoja akataja mbele ya watu ekari alizolima, akionyesha kwa mkono mipaka ya kila moja. Jirani akajibu kwamba mtu huyo hamfahamu. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa kumbishia kungekuwa kukiri kwamba naye ana wake. Mgambo waliondoka nao. Maharage yakaondoka na lori. Na jirani alibaki na msimu wa kazi ambao hakuulipia hata shilingi.

Kwa hesabu ya siku ile alishinda. Msimu uliofuata habari ilikuwa imetangulia ng'ambo, na hakuna aliyekanyaga kwake. Wala haikuishia kwake. Kitongoji kizima kiliwekwa alama. Walioendelea kuja walidai malipo kila wiki, au nusu kabla jembe halijagusa ardhi, na mkulima mdogo ambaye hajawahi kumdhulumu mtu akashindwa kulima kwa kuwa Oktoba hana fedha. Mkopo wa nguvu ulikuwa umefungwa. Mtu mmoja alikula mtaji wa majirani zake wote, na kwa sababu mtaji ule haukuandikwa popote, hakuna aliyeweza kumshtaki kwa hasara hiyo.

Baba mkubwa hakuwa malaika. Alilipa kidogo kama wenzake, na hatua zake ziliendelea kuwa ndefu. Lakini baada ya tukio lile alibadili utaratibu. Alianza kutoa sehemu ya ujira kila mwisho wa mwezi, akiuza mbuzi inapobidi, na aliwapa waliotaka kipande cha kulima muhogo wao pembeni. Daftari aliliweka mezani, na kila Jumapili nilisoma ukurasa wa kila mmoja kwa sauti mbele yake, akikubali au akibisha. Wengi walibisha, na mara nyingi walikuwa na haki, kwa kuwa mtu asiyejua kuandika hukumbuka kwa usahihi wa kutisha. Yule wa Rutana alirudi misimu iliyofuata, akaja na mdogo wake na shemeji yake. Shamba likapanuka. Uaminifu ule haukutoka kwenye wema tu, maana ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata mtaji mahali ambapo benki haipo.

Vijana wetu walilitazama hili kwa jicho lingine, na wana hoja. Kwa nini mkulima amlipe kijana wa kijijini, anayedai fedha yake Jumamosi na mwenye mjomba ofisini kwa mtendaji, wakati kuna anayesubiri hadi Januari? Wenzangu waliomaliza shule bila pa kwenda hawakuweza kushindana na masharti hayo. Wengine walikwenda kuchimba dhahabu Geita, wengine uvuvi wa Ziwa Tanganyika, wengine kuendesha bodaboda Mwanza na Dar es Salaam. Waliosema "Warundi wametuchukulia kazi" walikuwa wameona jambo la kweli wakalitafsiri nusu. Bei ya kazi yetu haikushushwa na Mrundi kwa kuwa anapenda kulipwa kidogo. Ilishushwa na ukweli kwamba anaweza asilipwe kabisa. Mahali ambapo mfanyakazi mmoja anaweza kudhulumiwa bila gharama, mwenzake asiyeweza kudhulumiwa anaonekana ghali.

Mwaka 2013 tulipata nafasi ya kuona mambo bila wao. Rais Jakaya Kikwete aliagiza wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Operesheni Kimbunga ikapita Kagera, Kigoma na Geita. Walioondoka walikuwa makumi ya maelfu, wakiwemo watu walioishi Tanzania tangu utoto na waliooa na kuolewa huku. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi mbali, nikarudi nyumbani kwa msiba na kukuta mazungumzo yote ni ya palizi. Bei ya kulima ilikuwa imepanda, na vijana waliobaki walifurahi. Wakulima wenye uwezo walilipa. Wenye ekari mbili tatu walipunguza shamba, kwa kuwa nyongeza ile ilitakiwa taslimu. Magugu yalikula mahindi ya wajane kwanza. Wapakiaji wa magunia, wenye mashine za kusaga na wauza kandambili walilalamika pia, na hapo ndipo ilipoonekana jinsi watu wasiohesabiwa walivyokuwa wakishikilia riziki za wanaohesabiwa. Baada ya muda vibarua walianza kurudi, kwa njia zilezile, wakiwa na hofu zaidi, kwa hiyo wakiwa rahisi zaidi kudhulumiwa. Fukuza ya namna ile haiondoi kazi ya wageni. Inaipunguzia bei.

Sheria zipo, lakini zimempita kibarua pembeni. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010 ikiahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Ahadi hiyo ina viambatanisho, na kila nchi ilichagua milango ya kufungua. Tanzania ilifungua kwa tahadhari, kwa wataalamu na wenye sifa za kusomea. Sheria yake ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia ilitungwa kwa ajili ya makampuni yanayoajiri mhandisi au mhasibu kutoka nje: kuna maombi, kuna viambatanisho, kuna ada. Jaribu kumfikiria baba mkubwa akiomba kibali cha ajira kwa ajili ya mtu atakayepalilia maharage kwa wiki sita. Soko la pamoja limekuwa la pamoja kwa daktari na mwalimu wa hisabati. Wanaolima, ambao ndio wengi na ndio waliokuwa wakivuka hata kabla ya jumuiya kuzaliwa, wamebaki na njia za miguu.

Yapo mambo yanayowezekana bila mkutano wa marais. Kibali cha msimu kingetolewa mpakani kwa ada ya bei ya kuku, si ya dola mamia, kikitaja wilaya na miezi. Kila kijiji kina mtendaji. Makubaliano ya kazi yangeandikwa kwake nakala mbili, moja ya mkulima na moja ya kibarua, kwa lugha wanayoielewa wote. Benki na vyama vya akiba vingeanza kumtambua mkulima wa maharage kama vinavyomtambua wa kahawa na tumbaku, ili Oktoba asilazimike kumkopa mtu maskini kuliko yeye. Hayo yote yana gharama na yatachukua muda, na wapo watakaosema kibali cha bei nafuu kitaleta watu wengi zaidi. Huenda. Lakini watakaokuja wataonekana, watahesabiwa, na kijana wa Kasulu atashindana na mtu anayelipwa kwa wakati kama yeye.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji kusubiri. Anayekamatwa shambani bila kibali aulizwe, kabla ya kupandishwa gari, anamdai nani na kwa kazi ipi. Mwajiri aitwe hapohapo. Na arudishwe kwao akiwa na ujira wake. Haki ya kulipwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika isitegemee muhuri wa kuingilia nchini. Sharti hilo halifungui mpaka hata kidogo, wala halimpunguzii mtu wa Uhamiaji mamlaka yake. Linachoondoa ni faida ya yule anayepiga simu siku ya mavuno. Akijua kwamba simu ile itamleta ofisa pamoja na deni lake, ataona ni nafuu kulipa mapema, na akiwa atalipa kwa vyovyote, hatakuwa tena na sababu ya kumchagua anayeogopa na kumwacha asiyeogopa. Kijana wa Kasulu na kijana wa Rutana wanaposimama mbele ya mkulima huyo wakiwa na bei moja, ndipo tutakapoweza kusema kwa uaminifu nani amemchukulia nani kazi.